Sijaweka Unga Katika Valizi Yako

Goma, Katoyi
Jumatatu jioni, mwezi wa kumi na moja

Masika mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimeketi kwenye mashine ya kushona, maana hapa ndipo penye meza isiyoyumba katika nyumba yetu. Nimezisukuma kando iniformu za watoto wa shule nipate nafasi ya kuweka karatasi. Kesho asubuhi utapanda boti kwenda Idjwi, kwa Mama Kanyere, mdogo wa mama yako. Mambo ya safari unayajua, na mengine shangazi zako wamekwisha kukuambia mpaka umechoka. Sitayarudia.

Ila jambo moja lazima ulijue kabla hujalishangaa. Ukifungua valizi yako utatafuta unga, na hutauona. Usidhani nimesahau. Watu wa ukoo wetu hawaondoki nyumbani bila unga. Tulipokimbia Rutshuru, kabla hujazaliwa, babu yako aliacha viatu akabeba unga. Tangu siku hizo, mtu wetu akienda hata kwenye harusi ya kartie ya pili, mtaa wa jirani tu, utamkuta na kimfuko mahali fulani chini ya nguo. Wewe nimekunyima makusudi. Nataka nikueleze kwa nini, na nikifika huko nitakueleza pia jambo lile lingine, lililotufanya mimi na wewe tuwe tunasalimiana tu asubuhi na kupishana mlangoni.

Unajua kwamba mimi na mama yako tuliwahi kwenda Idjwi. Unachojua ni kwamba tulikwenda "kutembea". Mama yako alikuwa akianza kuisimulia ile safari, anacheka, anashindwa kuimaliza. Sasa hayupo wa kucheka, kwa hiyo nitaimaliza mimi.

Wakati ule tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi si zamani. Vita vilikuwa vimetulia kidogo, kama mtoto anavyotulia kabla ya kulia tena. Mimi nilikuwa nimepata mashine hii ya kushona, na mama yako alikuwa akiuza vitunguu Himbi, karibu na zile nyumba za mashirika zenye geti na mlinzi. Kila Jumamosi aliona magari meupe yakishuka ziwani na watu wenye kofia na miwani. Siku moja akamuuliza mlinzi wanakwenda wapi. Mlinzi akamwambia wanakwenda Idjwi, vakansi. Wanapumzika, wanakula samaki, Jumapili wanarudi.

Mama yako alirudi nyumbani na vitunguu vyake vyote kichwani, hajauza hata kimoja, na hakuonekana kujali. Akaniambia, "Papa Masika, wanaenda kula samaki yetu. Na sisi twende."

Hapo hukuwa umezaliwa, ila alikuwa ameanza kuniita hivyo, kwa maana alishaamua wewe ni msichana na jina alikwisha kulichagua. Ulikuwa tumboni.

Nilimwambia watu kama sisi hatuendi vakansi. Sisi tukionekana kwenye boti, watu wanauliza ni wapi kumeharibika. Jirani yetu Mama Riziki alisimama kwenye ua akasema kwa sauti ya kusikiwa na kartie nzima, "Watu wanakimbilia kisiwani, nyinyi munaenda kule kucheka?" Mama yako akamjibu kwamba ndiyo, tena akitaka atamletea kicheko kimoja kwenye kikapu. Nadhani ilikuwa hapo ndipo nilipokubali. Sikuwa na nguvu za kushindana na mwanamke mwenye mimba aliyekwisha kumjibu Mama Riziki.

Lakini nilibeba unga. Nilibeba na maharage, chumvi, sufuria ndogo, na ile sahani yangu ya bati niliyotoka nayo kambini, yenye alama ya msumari ukingoni ili mtu asiibadilishe. Mama yako aliuona mzigo. Kwenye boti aliukalia.

Baba wa parokia alitupa chumba cha kulala. Jioni ya kwanza tulikwenda kwenye auberge, hoteli ya wageni iliyokuwa juu ya ziwa, yenye maua yaliyopangwa vizuri. Mama yako alikuwa ameoga na kuvaa kitenge chake cha Noeli. Wakatuletea spageti na sardini ya kopo. Akamwita kijana wa kuhudumu, akamwuliza kwa upole kama samaki wamekwisha ziwani. Kijana akasema hapana, wako tele, tena sambaza, wale samaki wadogo, wa leo asubuhi. "Lakini ile ni ya watu wa hapa, mama. Wageni hawakulake ile."

Mama yako alilitazama ziwa. Lilikuwa pale pale chini ya dirisha, angeweza kulitemea mate. Akala spageti, nusu. Kesho yake mimi nikapika bugali yangu nyuma ya parokia na maharage yangu, tukala. Mchana nikapika tena. Tulikuwa kwenye kisiwa kilichojaa nanasi na samaki na ndizi, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiwe nikisonga unga niliotoka nao Goma, huku nimegeuzia mgongo watu wanaopita. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulijue. Nilijifunza kukimbia vizuri mno, Masika. Hata siku ambayo hakuna aliyenifukuza, mikono yangu ilikuwa bado inakimbia.

Mama yako ndiye aliyekwenda kuuliza. Hakuuliza kwenye auberge. Alishuka mpaka kwenye pirogi za wavuvi, kwa wanaume waliokuwa wakikausha nyavu, akawauliza wao wanakula wapi. Wakamwambia, "Kwa motoka." Kuna mama anayepika ndani ya motoka, wakasema, juu kidogo, njia ya kwenda kwenye mashamba ya kahawa. Akarudi mbio kwa furaha: kuna gari la chakula.

Sasa wewe umekulia Goma. Mtu wa Goma akiambiwa gari, anafanya nini? Anakwenda kando ya barabara anangoja. Ndivyo tulivyofanya. Tulisimama chini ya mikaratusi, mama yako na kitenge chake cha Noeli, mimi na sahani yangu kwapani, tukangoja gari la chakula lipite. Jua likapanda. Wakapita watu na ndizi, wakapita watu na mbuzi, akapita padri kwa pikipiki akatupungia mkono. Kila aliyepita alitusalimu vizuri na kututazama kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Mama yako akavua viatu. Nikasema labda leo limeharibika. Nikasema hata Goma magari hayaji kwa saa.

Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa amekaa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi akituangalia alivuka akaja. Akauliza, "Munangoja nini, watoto wangu?"

Nikamwambia tunangoja motoka ya chakula.

Hakucheka. Alifunga mdomo kwa nguvu, nikaona mabega yanatikisika. Akasema, "Ile motoka haitembeake, papa. Ni watu ndio wanatembea."

Gari lilikuwa nyuma ya mikaratusi ile ile. Tungegeuka tungeuona moshi wake. Lilikuwa gari la zamani la mfanyabiashara fulani aliyelivusha kwa boti kubwa wakati wa vita ili lisichukuliwe na wenye bunduki, naye mwenyewe hakurudi kulichukua. Mafuta yaliisha, magurudumu yakaenda kwa watu mbalimbali, na mama mmoja aliyeitwa Mama Nabintu akaingia nyuma na jiko lake la makaa. Alikata dirisha ubavuni. Moshi ulitokea pale ilipokuwa taa. Viti vyote alikuwa amevitoa akavipanga nje kwenye majani, cha shofa na vya abiria, na hapo ndipo wateja walipokaa: wapiga makasia, wachumaji wa kahawa, mwalimu mmoja na chaki yake mfukoni.

Harufu ile siwezi kukuandikia. Ilikuwa sambaza waliokaangwa mpaka wanavunjika, na pilipili, na lenga-lenga, mchicha wetu, zilizopikwa kwa mawese, na bugali ya mihogo laini ambayo Mama Nabintu aliigeuza kwa mkono mmoja huku anazungumza na watu. Na alikuwa akila. Hilo mama yako alilitazama kwanza kuliko vyote. Alininong'oneza, "Anakula chakula chake mwenyewe. Twende."

Nami nilikwenda. Nilikwenda mpaka kwenye dirisha, nikasimama wima, nikanyoosha sahani yangu ya bati kwa mikono miwili, kichwa chini. Hapakuwa na mstari. Hapakuwa na mtu mbele yangu wala nyuma yangu. Watu wote walikuwa wamekaa, na mimi peke yangu nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kambi ambao hakuna mwingine aliyeuona.

Mama Nabintu aliacha kugeuza bugali. Aliitazama sahani, akaiona ile alama ya msumari, na nafikiri alielewa yote, kwa sababu kisiwa kile kimepokea watu wengi wenye sahani kama yangu. Hakusema pole. Ningekufa angesema pole. Alisema, "Papa, ile sahani weka chini. Hapa hatugawe. Hapa tunakaa."

Mama yako alikuwa ameshakaa. Na alikaa wapi? Wapiga makasia walikuwa wameacha kiti cha shofa, kwa kuwa ndicho kizuri, hakikuchanika, na mwanamke wa kisiwani hangekikalia mbele yao. Mama yako alikikalia, na tumbo lake, na wewe ndani. Akaegemea nyuma kama mtu anayeendesha gari kwenda Butembo. Mmoja wa wale wanaume akamtania, "Mama, utatupeleka wapi?" Akamjibu, "Mezani." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na hapo hapo nikatambua kwamba nilikuwa sijacheka pamoja na watu nisiowajua tangu Rutshuru.

Tulikula. Mama yako alikula sahani yake, akala na nusu ya yangu, akaweka sambaza wachache kwenye kona ya kitenge, pale alipokuwa akificha karanga zake. Mwalimu mwenye chaki akamwuliza tumekimbia kutoka wapi. Hakuuliza kwa ubaya, ndivyo watu walivyozoea kuuliza. Mama yako alimeza kwanza, akalamba kidole, akasema, "Hatukukimbia. Tuko vakansi." Alilisema taratibu, mbele ya watu wote, jinsi mwingine anavyotaja jina la baba yake.

Siku zilizobaki tulikula pale tu. Unga wangu tulimwachia Baba wa parokia.

Sasa nije kwenye jambo letu.

Siku ile bomu lilipomkuta mama yako njiani akitoka sokoni, wewe ulikwenda na wale waliombeba. Mimi nilibaki na kikapu. Mama Riziki ndiye aliyekileta, huyo huyo, amekishikilia kwa mikono miwili huku analia. Ndani kulikuwa na vitunguu na fungu la lenga-lenga. Mizizi ilikuwa bado na udongo. Mama yako hakununua mboga zilizokatwa mizizi, alisema zimeanza kuzeeka.

Ua ulijaa watu. Baba zako wakubwa walifika, wanakwaya walifika, jirani wakaleta sufuria zao kama ilivyo desturi, ili nyumba ya msiba isiwashe moto. Nami nikawasha moto. Nilikaa kwenye kigoda chake nikachambua zile lenga-lenga, jani moja moja, nikaziosha, nikazipika kwa mawese na kitunguu chake. Nilizidisha chumvi, maana yeye alitia chumvi mara mbili kila siku na kila siku alisema amesahau kama ametia. Kisha nikakaa mlangoni nikala, watu wote wakiniona.

Baba yako mkubwa aliniinamia akasema, "Papa Masika, hata leo?"

Nikamwambia, "Leo zaidi."

Wewe ulikuwa umerudi. Nilikutengea sahani. Uliisukuma ikamwagika, ukasema, "Papa, tumbo lako halijui kulia." Ukaingia ndani. Tangu hapo hujala mbele yangu. Unakula kidogo sana, jikoni, umesimama, kama mtu aliyeiba, na nguo ninazokushonea nazipunguza kila mara bila kukuambia. Lenga-lenga hujazigusa tena, hata harufu yake inakutoa nyumbani. Sijakulaumu. Lakini siku ile sikukujibu, na kesho unaondoka, kwa hiyo nakujibu.

Sitakuomba msamaha kwa ile sahani. Ningekuwa na siku ile tena ningeipika tena. Waliorusha bomu lile sikuwajua na sitawajua. Walimchukua mama yako. Wamechukua shamba la babu yako, na Rutshuru yetu, na miaka ambayo nilikula nimesimama. Nilipokitazama kile kikapu niliona kwamba wanataka kuchukua na chakula cha jioni. Alikuwa amekwenda kutununulia chakula, Masika. Alichagua fungu lile kwa mikono yake, nina hakika aliligeuza akalinusa na kubishana na muuzaji. Ile ilikuwa kazi yake ya mwisho, na ilikuwa imefika nyumbani salama. Ningewezaje kuiacha inyauke kwenye ua ili nionekane ninalia vizuri?

Tumbo langu linajua kulia. Linalia likiwa limekaa. Hilo mama yako alinifundisha kwenye kiti cha shofa.

Sasa wanasema vita vinakaribia tena. Milio tunaisikia wote, huko nyuma ya vilima, na jana umenisikia nikibishana na baba yako mkubwa juu ya mimi kubaki. Nabaki. Kuna kaburi, kuna nyumba, kuna iniformu za watoto ambao mama zao wameamua kwamba shule itafunguliwa. Mimi sijui kama itafunguliwa. Lakini nitazimaliza na vifungo vyake vyote, na mwenye kutaka kunitoa hapa atanikuta nimekaa mezani. Wewe nakupeleka kwa sababu una miaka kumi na tisa, na barabara zetu hazijui kuchagua. Si kwa sababu wameshinda.

Utafika Idjwi, na Mama Kanyere atakukumbatia pale bandarini na kulia. Mwache alie, anamlilia dada yake. Ila watu watakutazama, wataona valizi na macho mekundu, na watauliza umekimbia kutoka wapi. Wengine watakuita maskini, kwa moyo mwema kabisa. Kuna watakaokutengea chakula pembeni. Mwanangu, chakula cha moyo mwema usikikatae, hata mimi nimekula mwaka baada ya mwaka na kimenifikisha hapa. Nakuomba tu usikile umesimama. Vuta kiti. Kama hakuna kiti, kaa chini, nyoosha miguu, uliza amepika nani na ametia nini.

Na mtu akikuuliza, unajua la kujibu. Mama yako alishakujibia kabla hujazaliwa.

Nimewauliza wapiga makasia wanaoleta nanasi hapa bandarini. Wanasema Mama Nabintu amezeeka, mikono inatetemeka, lakini binti yake ameingia ndani ya motoka na moshi bado unatoka pale ilipokuwa taa. Ubavu mmoja umeliwa na kutu, wamezibia kwa bati. Viti vingine vimeoza. Cha shofa kipo, wanasema wanakifunika mvua ikinyesha.

Nenda. Usiende siku ya kwanza, siku ya kwanza kaa na Mama Kanyere. Lakini usichelewe pia. Usiwaulize watu wa auberge, watakupa spageti. Shuka kwa wenye nyavu. Wala usingoje barabarani, tafadhali, ukoo wetu umekwisha kuwachekesha watu wa kisiwa kile inavyotosha. Pita nyuma ya mikaratusi, fuata moshi, tazama kama mpishi anakula. Kisha kaa kwenye kiti cha shofa. Wanaume wakikutazama, waache watazame. Ulishakikalia kabla ya wengi wao.

Wakikuuliza unataka nini, mimi nitakuambia ninachotamani, na wewe utafanya unavyoweza. Agiza sambaza. Na kama zipo lenga-lenga, agiza. Ukishindwa kuzimeza, ziache mbele yako tu, zipoe, uzitazame. Siku nyingine onja jani moja. Hakuna anayekuhesabia. Kama machozi yatakuja, yaje, endelea kukaa.

Ile sahani ya bati ninayo hapa, chini ya mashine, natilia humo vifungo. Nilitaka kukupa, halafu nikaona hapana, hiyo na iishie kwangu. Wewe utakula kwenye sahani za watu, mezani kwao, na ukipata nyumba yako watakula kwenye zako.

Nimesikia geti, nadhani umerudi. Barua hii nitaiweka mahali pale ambapo ungetafuta unga.

Jioni kesho, saa ambayo mama yako alikuwa akitia chumvi mara ya pili, nitakuwa nimekaa mlangoni na chakula changu, nimeelekea upande wa ziwa. Na wewe, popote utakapokuwa, kaa ule. Ukifika katikati ya sahani, unikumbuke.

Papa yako